Chui wa Unguja: Tuuache Uvumi, Tuutafute Ushahidi



Kila sifa njema ni Zake Mwenyezi Mungu, Muumba wa mbingu na ardhi na kila kinachotembea juu yake. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Wapenzi wanafunzi, na nyinyi wazee wetu mnaolisoma jarida hili majumbani, safari hii tumeona tuzungumze jambo ambalo kwa haraka laweza kuonekana si la chuoni. Tunataka kuzungumza juu ya chui. Tunamkusudia chui wa hapahapa Unguja, ambaye babu zetu walimsikia akikoroma usiku na asubuhi wakakuta mbuzi hayupo. Na tunataka kuzungumza juu ya elimu mpya ambayo inaweza kuuliza mfupa au ngozi ya mnyama aliyetoweka, na mfupa ukajibu. Tunaamini mambo haya mawili yakikutana yatatufundisha somo ambalo kila nyumba ya kisiwa hiki inalihitaji.

CHUI ALIYEKUWEPO

Vijana wengi wa mjini hawajui kuwa Unguja ilikuwa na chui wake. Wanadhani chui ni mnyama wa Serengeti na wa kwenye televisheni. Lakini mwaka 1932 mtaalamu wa wanyama wa London, Reginald Pocock, alimwandika chui wa Unguja kuwa ni jamii ndogo ya peke yake. Alimwona ni mdogo wa umbo na madoa yake ni madogo kuliko ya ndugu zake wa bara. Akampa jina la Aders, yaani Dk. Mansfield-Aders, aliyekuwa mtaalamu wa viumbe katika serikali ya Zanzibar wakati ule. Jina hilohilo ndilo wanalolitumia wataalamu kwa paa nunga wetu.

Ngozi ya chui huyo imehifadhiwa London. Nyingine ziko katika makumbusho ya Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Na hapa kwetu, wazee wengi wanamkumbuka chui aliyekaushwa na kujazwa aliyekuwa akionyeshwa katika Makumbusho ya Mnazi Mmoja, karibu na lile jengo la Beit el-Amani lenye kuba, lililofunguliwa mwaka 1925. Skuli zilikuwa zikipeleka watoto kumwangalia. Ndiye chui pekee wa Unguja ambaye wengi wao waliwahi kumwona kwa macho.

Alipotea vipi? Sababu zilikuwa nyingi. Misitu ilikatwa, mashamba yakaongezeka, na paa na wanyama wengine aliokuwa akiwala walipungua kwa kuwindwa. Lakini juu ya hayo kulikuwa na jambo jingine. Watafiti Martin Walsh na Helle Goldman, ambao tangu miaka ya 1990 walikaa na wazee wa shamba na kuandika masimulizi yao, wameeleza kuwa watu wengi waliamini chui wengine hawakuwa wa mwituni. Waliamini kwamba wako watu wanaowafuga, wanaowalisha kwa siri, na kuwatuma kwa jirani wamtishe, wamlie mifugo, hata wamdhuru mtoto wake. Mtu aliyehasimiana na mwenzake, kisha mbuzi wa mwenzake akaliwa, basi jina lake lilikuwa limeshaharibika.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 ikaja kampeni iliyoongozwa na mganga aliyejulikana kwa jina la Kitanzi. Kampeni ile iliunganisha mambo mawili: kuwasaka wanaoitwa wachawi na kuwaua chui. Chui waliuawa kwa wingi, na uwindaji ukaendelea miaka iliyofuata. Ilipofika miaka ya 1990, waliomtafuta hawakumpata. Kamera za kujipiga zenyewe zilizotegwa msitu wa Jozani, na matokeo yake kutolewa mwaka 2003, zilinasa wanyama wengine wadogo wala nyama, lakini chui hakuonekana. Mwaka 2018 kipindi kimoja cha televisheni cha Marekani kilionyesha picha za usiku za mnyama kikadai ndiye. Dai hilo halikuthibitishwa kisayansi.

Kwa hiyo chui ameondoka. Lakini uvumi haukuondoka. Mpaka leo ziko nyumba ambazo hutajwa kwa sauti ya chini kuwa babu yao alikuwa na chui. Watoto wa nyumba hizo hawakumwona chui wala hawakumfuga, lakini doa wamelirithi. Hapa ndipo tunapoona kuwa suala hili ni la chuoni. Sura ya Al-Hujurat imetutaka tuithibitishe habari kabla hatujawadhuru watu kwa kutojua, kisha tukajuta. Habari ya chui wa kufugwa imewadhuru watu. Nani aliithibitisha?

MFUPA UNASOMWAJE

Sasa tuelezane juu ya hiyo elimu mpya. Kila kiumbe, kuanzia mchicha mpaka ndovu, ndani ya chembe za mwili wake Mwenyezi Mungu ameweka maandishi madogo mno yasiyoonekana kwa macho. Wataalamu wa Kiswahili wanayaita vinasaba, na magazeti huyaandika kwa herufi tatu, DNA. Maandishi hayo yana herufi nne tu, zinazopangwa kwa utaratibu mbalimbali. Kwa chui mmoja, herufi hizo zinapita bilioni mbili. Mtoto huchukua nusu kwa baba na nusu kwa mama, na ndiyo maana kwa kuzisoma mtu anaweza kujua nani ni ndugu wa nani, na ndugu hao walitengana karibuni au zamani.

Kiumbe akifa, maandishi haya huanza kuharibika. Maji, joto na vijidudu huyakatakata mpaka yanabaki vipande vifupi, mara nyingi visivyofika herufi mia moja. Mfano wake ni kitabu kilicholiwa na mchwa. Huwezi kukifungua ukasoma ukurasa. Unapata chembe za karatasi, hapa neno, pale nusu ya neno. Lakini kama yupo mwalimu aliyekihifadhi kitabu hicho kwa moyo, ukimwonyesha kila kipande atakwambia hiki ni cha mlango wa kwanza na hiki ni cha mlango wa mwisho. Katika elimu hii, mwalimu huyo ni vinasaba vya mnyama aliye hai aliye ndugu wa yule aliyekufa. Vipande vya chui wa zamani hulinganishwa na maandishi kamili ya chui wa leo, na kompyuta hukitia kila kipande mahali pake.

Kazi yenyewe inataka subira. Fundi wa maabara huvaa nguo za kumfunika mwili mzima, glavu na kitambaa cha uso, kwa sababu mate yake, nywele zake na ngozi yake vina vinasaba vingi kuliko ule mfupa. Hutoboa sehemu ndogo ya mfupa, jino au ngozi, akapata unga kidogo. Sehemu inayopendwa zaidi ni mfupa mgumu unaozunguka sikio la ndani, kwani huo huhifadhi vizuri kuliko mingine. Unga huyeyushwa kwa dawa, vinasaba hutengwa, kisha mashine husoma mamilioni ya vipande kwa pamoja.

Aliyefungua mlango huu alikuwa punda milia. Huko Afrika Kusini kulikuwa na punda milia aitwaye kwaga, mwenye milia mbele na nyuma rangi ya kahawia. Wa mwisho alikufa mwaka 1883 katika bustani ya wanyama ya Amsterdam. Mwaka 1984 wataalamu wa Chuo Kikuu cha California walichukua kipande cha ngozi ya kwaga iliyokaa makumbusho ya Ujerumani zaidi ya miaka mia moja, wakasoma herufi 229. Zilikuwa chache, lakini zilitosha kuonyesha kuwa kwaga ni katika ukoo wa punda milia. Tangu hapo elimu imekwenda mbali. Mwaka 2021 vilitangazwa vinasaba vya ndovu wa kale wa Siberia, wenye manyoya, waliokufa zaidi ya miaka milioni moja iliyopita. Mwaka 2022 vikaja vya Greenland, vilivyotolewa katika udongo wa miaka milioni mbili. Na mwaka huohuo wa 2022 Svante Pääbo, mmoja wa walioijenga elimu hii, akapewa Tuzo ya Nobel.

SANADI YA MFUPA

Wanafunzi wetu wa darasa la Hadithi watalifahamu jambo linalofuata kuliko watu wengi. Hatusemi kwamba elimu ya mifupa ina daraja la elimu ya Hadithi, la hasha. Tunachosema ni kwamba njia ya kujikinga na uongo inafanana. Muhadithi hatosheki na maneno mazuri. Huuliza: nani kakusimulia, na yeye kasikia kwa nani, na mliwahi kukutana? Na je, yuko mwingine aliyeipokea kwa njia nyingine?

Mwaka 1994 wataalamu wa Marekani walitangaza katika jarida kubwa la sayansi kwamba wamepata vinasaba ndani ya mifupa ya miaka milioni 80. Dunia ilishangaa. Haukupita muda mrefu, wenzao wakaonyesha kuwa kilichosomwa kilifanana na vinasaba vya binadamu. Mfupa ulikuwa umechafuliwa na watu walioushika. Vivyo hivyo kwa habari za wadudu wa mamilioni ya miaka waliogandishwa ndani ya kaharabu: wengine walipojaribu kuirudia kazi ile, hawakupata kitu.

Tangu hapo wataalamu wakaweka masharti. Mfupa uwe na historia yake: umetoka wapi, tabaka gani ya udongo, nani aliushika. Kazi ya zamani ifanywe chumba cha mbali na kazi ya wanyama walio hai. Ikiwezekana, maabara nyingine iirudie. Na vinasaba vyenyewe vichunguzwe kama vina dalili ya uzee. Kwani katika vipande vya zamani, herufi za mwishoni hubadilika kwa namna inayojulikana, kama karatasi kongwe inavyogeuka rangi pembezoni. Kipande kisichokuwa na dalili hiyo kinatiliwa shaka, huenda ni cha fundi mwenyewe.

Tunalisisitiza hili kwa sababu ndilo tunalotaka vijana wetu walichukue. Mtaalamu mwenye digrii anapoleta habari ya mfupa, wenzake humdai sanadi. Jirani yetu anapoleta habari kwamba nyumba ya fulani ilifuga chui, sisi humpa kiti na kahawa.

ARDHI YETU NA JOTO LAKE

Huenda mtu akasema: hayo ni ya Siberia kwenye barafu, sisi nchi yetu ni ya joto, mifupa yetu haiwezi kusema. Ni kweli kwamba joto na unyevunyevu ni adui mkubwa wa vinasaba, na kwamba mifupa mingi ya pwani haitoi kitu. Lakini si yote.

Karibu na Jambiani kuna pango la Kuumbi. Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alilichimba mwaka 2005, na baadaye timu nyingine zikafuata. Ndani yake wamekuta historia ya watu na wanyama iliyo ndefu kuliko katika kisiwa kingine chochote cha Afrika Mashariki. Tabaka za chini ni za wakati ambapo Unguja haikuwa kisiwa bado. Bahari ilikuwa chini, na mtu angeweza kutembea kwa miguu mpaka bara. Katika tabaka hizo kuna mifupa ya wanyama wakubwa, wakiwemo nyati na punda milia. Kisha barafu za dunia ziliyeyuka, bahari ikapanda, na ardhi yetu ikakatika na bara. Kadiri miaka ilivyopita, wanyama wakubwa wakapungua na kutoweka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulieleza hayo, nao ukawa na uaminifu wa kusema kuwa haiwezekani kukata shauri moja kwa moja kama sababu ni ufinyu wa kisiwa au mkono wa mwanadamu.

Mwaka 2017 kikaja kisa cha kuku. Kulikuwa na ubishi mkubwa: kuku, ambaye asili yake ni Asia, alifika lini pwani yetu? Wako waliosema miaka 3000 kabla ya Nabii Isa (A.S.). Wako waliosema ni baadaye sana. Watafiti wakakusanya mifupa kutoka sehemu 22 za Afrika Mashariki. Mifupa ya kuku huchanganywa kwa urahisi na ya kanga na kwale, na ya panya wa nyumbani na ya panya wa mwituni. Hivyo hawakutegemea macho peke yake. Walitumia vinasaba, wakatumia kolajeni, ambayo ni utomvu wa mfupa unaodumu zaidi, na wakapima umri wa mifupa yenyewe. Jibu lililotoka ni kwamba kuku na panya wa nyumbani waliingia pwani yetu katikati ya milenia ya kwanza, yaani karne zilizo karibu na zama za Hijra. Waliletwa na vyombo vya biashara ya Bahari ya Hindi. Na mwaka huohuo vilichapishwa vinasaba vya watu wa kale waliozikwa katika ardhi ya Unguja na Pemba zaidi ya miaka elfu moja iliyopita.

Basi ardhi yetu inasema, ijapokuwa kwa sauti ndogo. Na ngozi iliyokaa kavu ndani ya sanduku la makumbusho husema kwa sauti kubwa zaidi kuliko mfupa wa pangoni.

CHUI AULIZWE NINI

Mwaka 2021 wataalamu walichapisha kazi ya kusoma vinasaba vya chui walio hai na wa zamani waliohifadhiwa makumbusho. Walikuta kuwa chui wa Afrika na wa Asia walitengana takriban miaka nusu milioni iliyopita au zaidi, na kwamba chui wa Afrika wana hazina kubwa zaidi ya vinasaba. Katika mpangilio wa paka wa dunia uliotolewa na wataalamu mwaka 2017, chui wote wa Afrika, pamoja na wa Unguja, wamewekwa chini ya jina moja. Kwa hiyo jina alilolitoa Pocock kwa kuangalia madoa halitumiki tena katika mpangilio huo.

Kwetu sisi maswali muhimu si ya jina. Ni haya. Chui wa Unguja alitengana na wa bara lini? Kama ni tangu bahari ilipopanda, basi alikuwa hapa kabla ya kijiji chochote, kabla ya mchawi yeyote na kabla ya mganga yeyote. Hakuna aliyemleta, bahari ndiyo iliyomwacha. Je, alikuwa na afya, au alikuwa ameshaanza kuzaana ndugu kwa ndugu kwa uchache wake? Na kama iko siku mtu ataokota msituni unywele au kinyesi akadai ni cha chui, kitapelekwa maabara na jibu litapatikana, bila ya ngoma wala ramli.

Tuseme wazi: vinasaba haviwezi kuthibitisha wala kukanusha mambo ya ghaibu, na hatuombi vifanye hivyo. Lakini tuhuma ya kwamba jirani alimfuga mnyama na kumtuma si jambo la ghaibu. Ni dai juu ya mtu na mnyama, na dai kama hilo linataka mashahidi. Chui mwenye njaa, ambaye misitu yake imekatwa na paa wake wamemalizwa, atakuja uani kula mbuzi bila ya kutumwa na mtu. Sababu hiyo ipo mbele ya macho. Nani anahitaji kumtafuta mchawi?

JE, TUMRUDISHE?

Tunajua vijana watauliza, kwa sababu wameona kwenye simu: je, haiwezekani chui wetu akarudishwa? Mwezi wa Aprili mwaka 2025 kampuni ya Colossal ya Marekani ilitangaza kuwa imemrudisha mbwa mwitu mkubwa wa kale aliyetoweka. Walisoma vinasaba kutoka katika jino la miaka 13,000 na fuvu la miaka 72,000. Kisha wakachukua chembe za mbwa mwitu wa kawaida wa leo, wakabadilisha mahali 20 katika vinasaba vyake, na watoto watatu wakazaliwa. Wataalamu wengi walipinga maneno ya kampuni ile. Walisema huyo ni mbwa mwitu wa leo aliyetiwa sifa chache za yule wa zamani.

Wako waumini wanaozisikia habari hizi wakaogopa kuwa mwanadamu anashindana na Muumba. Sisi hatuoni hivyo. Fundi yule hakuumba herufi hata moja. Alinakili alichokikuta kimeandikwa, tena kwa kuazima tumbo la mnyama aliye hai. Wala hatuoni kuwa kusoma vinasaba ni dhambi. Kusoma ishara za Muumba katika viumbe vyake ni jambo tulilohimizwa. Pingamizi letu ni jingine. Kama chui angeletwa kesho, angeishi wapi? Angekula nini? Na sisi tungemwita nani? Uvumi uliomuua wa mwanzo bado uko barazani unamngoja wa pili. Kisiwa ambacho hakijarekebisha sababu za kifo hakina haki ya kudai ufufuo.

TUFANYE NINI

Kwanza, tuuzike uvumi. Tunawaomba wazazi wasiwasimulie watoto majina ya watu na nyumba zilizodaiwa kufuga chui. Hadithi ya chui isimuliwe, ni urithi wetu. Lakini majina yaachwe. Anayeshindwa kuleta ushahidi, anyamaze.

Pili, tutunze vilivyobaki. Tarehe 25 Disemba mwaka 2020 sehemu ya jengo la Beit al-Ajaib, lililokuwa makumbusho yetu kubwa, iliporomoka, na watu wakafa. Jengo la mawe tuliliona likianguka. Ngozi, meno na mifupa huanguka kimyakimya, kwa mende, kwa unyevu, kwa kutupwa wakati wa kusafisha nyumba. Kama ndani ya kasha la babu yako kuna kipande cha ngozi ya chui, au kucha, au jino, usikioshe kwa dawa, usikiuze kwa mtalii. Kiweke pakavu, kiandikiwe kimetoka wapi na nani alikipata, kisha ipelekewe habari idara inayohusika na makumbusho na mambo ya kale. Bila ya maandishi hayo kile ni kipande cha ngozi tu. Sanadi yake ndiyo thamani yake. Na mwenye pango shambani kwake asiruhusu lichimbwe ovyo kutafuta mali. Akikuta mifupa ya watu, adabu ya maiti ni ileile tuliyofundishwa, wawe wa jana au wa miaka elfu.

Tatu, tusome. Ngozi muhimu za chui wetu ziko London na Harvard, na vyumba safi vya kazi hii vingi viko Ulaya na Marekani. Dunia imeshakubaliana katika Mkataba wa Nagoya wa mwaka 2010 kuwa nchi yenye viumbe ipate sehemu ya haki katika faida ya elimu inayotokana navyo. Lakini haki hiyo haiwezi kudaiwa na watu wasioijua kazi yenyewe. Tunataka iwepo siku ambayo mtoto aliyehitimu hapa chuoni, anayejua kudai sanadi ya Hadithi, awe pia ndiye aliyevaa glavu na kudai sanadi ya mfupa. Wazazi msiwaambie mabinti na vijana wenu kuwa biolojia haina ajira. Hesabu, kemia na kompyuta za skuli ndizo funguo za chumba hicho.

Nne, na hili ndilo la haraka, tuwaangalie walio hai. Kima punju asili yake ni Unguja peke yake duniani. Hesabu iliyochapishwa mwaka 2017 ilimkuta kuwa zaidi ya 5,800, idadi iliyo kubwa kuliko ilivyodhaniwa, lakini magari bado yanamgonga. Matuta ya barabara ya Jozani hayakuwekwa kuwaudhi madereva. Paa nunga anapatikana hapa na katika misitu michache ya pwani ya Kenya, basi. Nyama yake inaliwa, na mitego inategwa hata pale ilipokatazwa. Mwenyezi Mungu ametufahamisha katika Sura ya Al-An'am kuwa wanyama na ndege ni umma mfano wetu sisi. Umma ukitoweka, hata asomaye herufi zake zote bilioni mbili atakuwa amesoma wasia wa marehemu tu.

Wapenzi wasomaji, mkipita Mnazi Mmoja mkaliona lile kuba, wakumbusheni watoto wenu kuwa kisiwa hiki kilikuwa na chui, na kwamba aliuawa kwa panga na kwa ulimi. Panga tunaweza kulikataza kwa sheria. Ulimi kila mmoja wetu ana wake, naye ataulizwa juu yake.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atuzidishie elimu yenye manufaa, atujaalie tuwe waadilifu katika kauli zetu, na atuwezeshe kuilinda amana aliyotupa katika ardhi na bahari yetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.